Jumanji ya pili, Krismasi, Marangu: iwekwe au isiwekwe?

Swali:

"Mwalimu, shikamoo. Desemba hii ukoo wetu unapanda Marangu kama kawaida. Tutakuwa na watoto 14, mdogo kabisa ana miaka 5, mkubwa 17. Tutakuwa pia na baba mkwe, ambaye mwaka huu kafanyiwa operesheni ya nyonga na siku hizi hatoki nje ya geti. Nimeazima projekta. Watoto waliipenda mno Jumanji ya The Rock, ile ya 2017, na sasa wananisumbua niwawekee inayofuata, *Jumanji: The Next Level*. Shemeji yangu anasema ni marudio matupu, walichokuwa nacho walikimaliza kwenye ile ya kwanza. Ni nzuri au mbaya? Naomba usinijibu 'inategemea'. Mama Wawili, Moshi."

Jibu:

Marahaba, Mama Wawili. Iweke.

Nimeanza na jibu ili usiseme nakuzungusha. Shemeji yako hajakosea kabisa, na huko mbele nitampa haki yake. Ila yeye kaangalia mchezo, akawaruka wazee. Na hii ni filamu ya wazee wawili waliokosana, mchezo umewekwa pale kuwapa sababu ya kukaa pamoja.

Nakutahadharisha kwamba nitasimulia hadi mwisho. Wewe ndiye mwenye projekta, unatakiwa ujue unawawekea watu nini ukutani. Watoto wasisome.

Kwa hesabu kamili hii hata si ya pili. Jumanji ya kwanza kabisa ilitoka 1995, akiwemo marehemu Robin Williams, na ilitokana na kitabu cha picha cha Chris Van Allsburg cha 1981. Enzi hizo Jumanji ilikuwa mchezo wa ubaoni: unarusha dadu, faru wanapita sebuleni. Mwaka 2017 mwongozaji Jake Kasdan akaugeuza kuwa geimu ya kwenye runinga, na mwelekeo wa safari nao ukageuka. Sasa watu ndio wanaovutwa kuingia msituni, kila mmoja akitua ndani ya mwili usio wake. Muendelezo wa 2019 ni wa Kasdan yuleyule, na nyota wake wanne wamerudi wote: Dwayne Johnson ambaye sisi tunamwita The Rock, Kevin Hart, Jack Black na Karen Gillan.

Unakumbuka kilichowachekesha watoto 2017. Spencer, kijana mwoga wa mafua na mzio, anajikuta ndani ya misuli ya The Rock. Bethany, binti asiyeweka simu chini, anaamka akiwa Jack Black, mtu mzima mwenye kitambi. Utani mzuri sana, lakini ni utani wa kufunua zawadi, na zawadi haifunuliwi mara mbili. Watoto wako wameshamwona The Rock akijishangaa mikono. Ukiwarudishia yuleyule Spencer ndani ya mwili uleule, watatabasamu kwa heshima tu, kama mgeni aliyepewa chai ya majani ya jana.

Kwa hiyo waandishi walikuwa na kazi moja: kumtafuta mtu mwingine wa kuingia mle. Wakamtafuta babu.

Babu huyo ni Eddie, babu yake Spencer, na anaigizwa na Danny DeVito. Kafanyiwa operesheni ya nyonga (ndiyo, mama, nyonga), anakaa nyumbani kwa kina Spencer huku akilala chumba kimoja na mjukuu, na hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho hajakilalamikia. Asubuhi moja anagongewa mlango na Milo, yaani Danny Glover. Zamani walikuwa washirika, wana mgahawa wao. Siku moja Milo akaamua inatosha, anastaafu, mgahawa ukauzwa. Eddie hajamsamehe. Imepita miaka 15 bila salamu.

Nikiwa nafundisha uandishi wa muswada hapa Arusha, huwa nawaambia vijana wangu waangalie vizuri dakika hizi za mwanzo. Ukivitoa vinyago na ngamia, ugomvi huu ungeweza kutokea Kiboriloni au Mbuyuni: wazee wawili, duka moja, mmoja kachoka, mwenzake kaona kasalitiwa. Hakuna mwizi wala tapeli kati yao. Ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu kuamua, ndiyo maana unadumu miaka 15.

Sasa Spencer, aliyeenda chuo New York akajiona mdogo kuliko alivyokuwa mwanzo, analikarabati lile geimu lililovunjwa na kujirudisha ndani. Marafiki zake wanamfuata kumwokoa. Geimu likiwa bovu halimpi mtu nafasi ya kuchagua, linazoa waliopo, na waliopo ni pamoja na wazee wawili waliokuwa wakibishana ghorofani. Eddie anatua ndani ya The Rock. Milo anatua ndani ya Kevin Hart.

Hapa ndipo ninapotofautiana na shemeji yako kwa sauti kubwa. Kevin Hart tunamjua ni cherehani, mdomo haupumziki. Humu kamezwa na mzee anayeongea polepole, anayeanzia sentensi mbali, anayeweka nukta katikati ya neno. Mnyama hatari anakuja, Milo ndiye anayemfahamu mnyama huyo, na anaanza kuwaeleza wenzake kwa utulivu wa mtu anayesimulia historia ya kijiji. Taarifa ya hatari inafika baada ya hatari yenyewe. Nimemtazama Hart katika kazi nyingi, na kwa maoni yangu hajawahi kujizuia kiasi hiki. Kuigiza kwa kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuigiza kwa kupiga kelele, muulize mwigizaji yeyote wa jukwaani.

The Rock naye hajafikia kiwango hicho. Ile sauti ya DeVito inamponyoka, dakika hii ni mzee wa New Jersey, dakika ijayo ni The Rock aliyekunja uso. Lakini kuna jambo amelipata: furaha ya viungo. Eddie anagundua kwamba nyonga haimuumi. Anachuchumaa, anainuka, anarusha teke hewani bila sababu. Mkae karibu na baba mkwe sehemu hiyo. Si lazima mumwangalie usoni, ila mkae karibu.

Kuna ufundi mwingine ambao mtazamaji wa kawaida haugundui, nao ni wa mwandishi. Kila muendelezo una mzigo wa kuwaeleza wageni kanuni za mchezo bila kuwachosha waliokuwepo. Humu kanuni ni nyingi: kila mtu ana roho tatu zilizochorwa mkononi, kila mhusika ana nguvu zake na udhaifu wake, ukimaliza roho zote umekwenda jumla. Wazee hawa hawajawahi kushika geimu maishani. Inabidi waelezwe, waelezwe tena, na bado wanauliza kama wako Florida. Ni sawasawa na kumfundisha mzazi kutuma pesa kwa simu: anauliza swali lilelile mara nne, na ukituliza hasira unaona swali lake lina akili. Wakati wewe unacheka, mtoto wa miaka 5 ambaye hakuiona ile ya kwanza ameshaelewa kanuni zote. Hutahitaji kusimamisha picha umweleze.

Na hizo roho tatu zinawapa watu wetu utani wa bure. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa sheria moja tu ya sinema: steringi hafi. Humu steringi anakufa na kudondoka tena kutoka juu kama embe.

Kwa kuwa nimetaja vibanda, nikupe onyo ambalo naona ni kubwa kuliko yote. Usichukue nakala iliyotafsiriwa. Mimi si adui wa watafsiri wetu, nimekua nikimsikiliza marehemu Lufufu na bado nacheka nikimkumbuka. Lakini filamu hii uhai wake uko kwenye sauti. Kinachochekesha ni kusikia maneno ya babu yakitoka kwenye kifua cha The Rock. Mtafsiri akifunika sauti zote kwa sauti yake moja, Eddie, Spencer na kila mtu wanakuwa mtu mmoja, na kilichobaki ni watu wakikimbizwa na wanyama. Kwa nakala hiyo, shemeji yako anashinda kesi. Niliiona hivyo kwenye kibanda kimoja hapa Arusha, na vijana walicheka mahali pa kupigana tu.

Mara nyingine lakini nilimkuta kijana aliyekaa na kipaza sauti mwenyewe, akampa Eddie lafudhi ya mzee wa Kichagga anayemkaripia mhudumu wa baa kwa sababu bei imepanda. Kibanda kilitaka kuvunjika. Kama kati ya hao wakubwa kuna mwenye kipaji cha kuiga sauti, mpe kipaza sauti, amfanye Eddie mzee wa Marangu na Milo mzee wa Upareni anayehesabu maneno kama hela. Mtani wake akiwepo, atavumilia.

Haya, udhaifu.

Adui ni sanduku tupu. Anaitwa Jurgen, anaigizwa na Rory McCann, mtu mwenye umbo la mlango. Kaiba kito, nchi ya Jumanji inakauka, mashujaa wanatakiwa wakirudishe kito kikaone jua. Kwa nini alikiiba? Kwa sababu filamu ilihitaji mwizi. Hana neno hata moja utakalolikumbuka kesho yake. Ninavyoona mimi, waandishi walijua adui wa kweli ni ule ugomvi wa mgahawa, wakampa Jurgen muda mchache na manyoya mengi.

Penzi la Spencer na Martha, yule binti anayeingia kwenye mwili wa Karen Gillan, nalo tunaambiwa tu. Wameachana kidogo, wamekumbukana, wamerudiana. Sikuliamini lilipovunjika, na liliporudi sikushtuka. Bethany kaonewa zaidi. Yule aliyebeba nusu ya vicheko vya 2017 anaachwa nje ya geimu, na akifanikiwa kuingia anakuwa farasi. Farasi hasa, wa miguu minne. Kwa sehemu kubwa ya safari mhusika wao aliyeiva kuliko wote hana mdomo. Huo ni uharibifu.

Kisha kuna suala la kubadilishana miili. Kuna maji yenye mwanga wa kijani, ukiyagusa na mwenzako mnabadilishana. Mara ya kwanza inachekesha. Baadaye wanabadilishana wote kwa mkupuo ili kila mmoja arudi alikokuwa 2017, na hapo nilisikia kitu kikikatika. Spencer karudi ndani ya The Rock, Bethany karudi ndani ya Jack Black, na tumerejea kwenye ile chai ya jana. Shemeji yako, nina uhakika, anazungumzia sehemu hii. Theluthi ya mwisho ya filamu, yenye ngome ya barafuni na vita vya angani, ndiyo yenye fedha nyingi na ndiyo dhaifu. Ina kelele, na wazee wamepungua.

Kinachoiokoa ni Awkwafina. Anacheza mhusika mpya, mwizi wa mfukoni anayeitwa Ming. Kwanza anambeba Spencer, na hapo ni wa kawaida. Baada ya ule mkorogo wa majini anambeba Eddie, na ghafla unamwona mwanamke mwembamba akiburuta miguu, mdomo umepinda, analalamika kama DeVito mwenyewe. Kamwiga kuliko The Rock alivyomwiga. Sikutegemea.

Kuhusu wanyama, ninyi wa Kaskazini mtakuwa wakali. Kuna kundi zima la mbuni linalokimbiza magari jangwani likitaka nyama ya watu. Mtoto yeyote aliyepelekwa Tarangire na shule yake atasimama kupinga, na ana haki. Mbuni anakula majani na mbegu zaidi, hawindi mtu, ingawa mbio anazo hasa, hufika karibu kilomita 70 kwa saa, na teke lake si la kuchezea. Halafu kuna madaraja ya kamba yanayoning'inia na kuzunguka juu ya korongo, wakavamiwa na mandrili, wale ndugu wa nyani wenye pua nyekundu na mashavu ya buluu. Hao hapa kwetu hawapo, kwao ni misitu ya Kameruni, Gaboni na majirani zao. Ukitazama kwa makini utaona ni wanyama wa kompyuta, uzito wao hauko sawa, wanatua kama mito ya sofa. Lakini tukio la madaraja limepangwa vizuri sana. Unajua kila mmoja yuko wapi, anataka kufika wapi, na nini kitamzuia. Kwa mhariri wa picha kama mimi, hilo ni tukio la kurudia kuangalia. Wa miaka 5 atajificha kwenye khanga ya mtu. Mwache ajifiche.

Nikiwa kwa huyo mdogo: Marekani filamu hii imewekewa alama ya kuwatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Sababu ni vitisho, kupigana, na maneno machafu machache ambayo Kiingereza cha watoto wadogo wa darasa la pili hakitayadaka, ila cha wakubwa kitayadaka na watayarudia mbele ya bibi. Damu hakuna ya kutisha. Inachukua dakika 123. Kwa kundi la watoto 14 hiyo ni ndefu, kwa hiyo ikatize kwenye mji wa jangwani, watu wakojoe, maandazi yapite.

Kama shemeji akikuletea hoja ya fedha, kwamba ile ya 2017 iliingiza zaidi ya dola milioni 960 duniani na hii ikaishia kwenye milioni 800 hivi, mwambie hata kitimoto cha moto kinauzwa kuliko cha baridi, na bado ni nyama ileile. Watu walienda kwa mshangao mara ya kwanza. Mara ya pili wengine walibaki nyumbani.

Sasa mwisho, ambao ndio ulionifanya nikujibu "iweke" bila kupepesa macho.

Milo hakuja kwa Eddie kusalimia. Anaumwa, na hatapona. Alikuja kuweka mambo sawa kabla hajaondoka, akashindwa kuanzia wapi, kwa sababu ni mtu wa kuanzia mbali. Inamchukua safari nzima, mwili wa mtu mwingine, na roho kadhaa zilizopotea, ndipo alitamke. Eddie, aliyeanza filamu akimwambia mjukuu kwamba uzee ni balaa tupu, anabaki hana la kubisha. Na mchezo ukiisha, kila mtu akijiandaa kurudi nyumbani kwenye mwili wake, Milo anaomba abaki. Kule nje anangojewa na kitanda cha hospitali. Humu ndani, baada ya ule mkorogo wa miili, yeye ni farasi mweusi mwenye mabawa. Anabaki kuilinda Jumanji. Eddie anarudi peke yake, anaingia kwenye ule mgahawa wao wa zamani, ambao sasa una mwenyewe mwingine, na huko anapata kazi.

Wapo wachambuzi wanaoona hapa pamelainishwa mno, kwamba kifo kimevalishwa mabawa ili watoto wasilie. Naelewa. Lakini wewe unaionyesha Marangu. Hao watoto wako watakuwa wamekaa kwenye kihamba ambacho babu zao wamelala humohumo, hatua chache tu, kati ya migomba. Wameambiwa tangu wadogo kwamba babu mkuu yupo, anaangalia. Mzee anayebaki nyuma kulinda mahali si jambo la kuwaeleza kwa shida. Wataelewa kuliko mtoto wa California.

Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja. Kama ukoo umezika mwaka huu, au kama baba mkwe ana rafiki ambaye hawasalimiani, ongea naye kabla, si mbele ya watoto. Usimhadithie filamu. Mwambie tu kuna mzee wa nyonga ndani yake. Nina hakika atataka kumwona. Kiti chake kiwe mbele, upande wa sikio zuri, na sauti usiitegemee projekta, hizo spika zake za ndani ni za ofisini. Azima spika ya nje, hata ya kwaya.

Na majina yakianza kupanda, mtu asikimbilie kuzima. Kuna kipande kifupi katikati ya majina. Fundi kaitwa nyumbani kwa mama yake Spencer kurekebisha mitambo ya joto, anashuka chini, analikuta geimu. Muda si muda wale mbuni wanakatiza mtaani, mchana kweupe, katikati ya mji. Ukiwa na watoto 14 gizani chini ya mlima, hakikisha geti limefungwa kabla hawajafika hapo, la sivyo utawatafuta barabarani wakicheza mbuni.